Mrejesho: baiskeli ya umeme inayozimika mvuani

Wakuu, niliuliza kuhusu baiskeli yangu ya umeme inayozimika mvua ikinyesha, ikikauka inawaka kama kawaida. Wengi mlisema betri imekufa. Betri ni nzima kabisa.

Fundi wa hapa Dar alifungua plagi ya waya wa mota, ile ya karibu na gurudumu la nyuma, tukakuta pini zimeota ukijani. Waya ulikuwa umekazwa kutoka juu, kwa hiyo maji yanateremka nao hadi ndani ya plagi. Akasugua pini kwa mswaki na spiriti, akapaka grisi ya silikoni (siyo ile nyeusi ya beringi, jamani), kisha akaulegeza waya uning'inie chini ya plagi kabla ya kupanda kuingia. Maji sasa yanadondokea pale kwenye kona ya chini ya waya.

Aliyeshauri kuziba boksi la kontrola (kifaa kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota) lote kwa silikoni, fundi alikataa. Kaacha tundu dogo upande wa chini, maana jasho la ndani lazima litoke.

Baiskeli yenyewe imeandikwa IPX4, yaani inahimili maji ya kurukia, siyo kuzama. Bonde la Jangwani hapa Dar likijaa maji, nageuza. Nikifika nyumbani betri naichomoa, naifuta, sichaji mpaka soketi ikauke.

Masika hii haijazima tena. Kilichobaki ni skrini kuingia ukungu kwa ndani. Aliyewahi kuifungua bila kuvunja kioo anielekeze.