Kuhama Morogoro kwenda kuishi pembezoni mwa Dar es Salaam: je, nyongeza ya laki sita inatosha?

Mkaazi wa Kihonda

Wanajamvi, salaam. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi pande zote mbili. Tunaishi Kihonda, Morogoro, katika nyumba yetu wenyewe ya vyumba vitatu tuliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka saba. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na mtoto wetu mkubwa yuko darasa la nne. Nimepata kazi ya uhasibu katika kampuni moja jijini Dar es Salaam, nayo inaanza mwanzoni mwa Oktoba.

Mshahara ninaopokea sasa baada ya makato ni shilingi 1,150,000, na huko nitapokea 1,750,000. Nyongeza ya laki sita si haba. Hata hivyo, hapa silipi kodi ya pango, kazini ninafika kwa pikipiki ndani ya dakika kumi na tano, na ndizi na mboga za Mgeta tunazonunua Jumamosi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu hutufikisha karibu mwisho wa wiki. Nimewaza njia tatu: kubaki hapa na kupanda treni ya SGR kila siku, kupanga Kibaha, au kuuza nyumba hii ili nipate kiwanja karibu na jiji. Mke wangu anapenda ya kwanza, na kaka yangu anaishikilia ya tatu kana kwamba nyumba ni yake.

Abiria wa Alfajiri

Mkuu, hiyo ya kwanza iondoe kwa kalamu yako mwenyewe ya uhasibu. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar es Salaam ilipangwa kuwa shilingi 13,000 treni ilipoanza kubeba abiria Juni 2024. Kwenda na kurudi ni 26,000, na kwa siku 22 za kazi unafikia 572,000. Katika ile laki sita umebakiwa na 28,000, na bado hujalipa bodaboda ya kukutoa nyumbani hadi stesheni wala daladala ya kukutoa stesheni hadi ofisini. Nimesafiri hivyo kwa miezi miwili nikisimamia kazi ya muda mfupi. Treni yenyewe sina neno nayo, kwa maana safari iliyokuwa ikinila saa nne na zaidi barabarani imekuwa ya chini ya saa mbili, lakini watoto wangu nilikuwa nikiwaacha wamelala na kuwakuta wamelala.

Mama wa Mailimoja

Ndugu, nimepanga Kibaha kwa miaka sita na siijutii. Hewa ni nzuri, Hospitali ya Tumbi iko karibu, na kwa kodi niliyokuwa nikilipia chumba na sebule kule Kimara, hapa nimepata nyumba nzima yenye uwanja wa kufugia kuku. Upanuzi wa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha umetusaidia mno, ingawa kufika Kimara ni jambo moja na kuingia mjini ni jingine. Tunatumia barabara moja na malori yaendayo Zambia na Kongo, na pale Mbezi asubuhi tunakutana na mabasi ya mikoani yanayotoka kituoni. Mimi huwa kituoni saa kumi na moja alfajiri. Nikichelewa hadi saa kumi na mbili kasoro, nimekwisha kupoteza saa nzima.

Kuna jambo hukulisema, nalo ndilo la kwanza kuulizwa: ofisi iko wapi? Dar es Salaam haikaliwi kwa kuangalia kodi peke yake. Mtu hukaa kwa kuangalia barabara.

Mkaazi wa Kihonda

Samahani dada, ni kweli sikusema. Ofisi iko Mikocheni.

Mama wa Mailimoja

Basi ninafuta ushauri wangu. Kwenda Posta, katikati ya jiji, ningekuambia njoo Kibaha, kwa sababu ukifika Kimara unapanda basi la mwendokasi hadi Kivukoni, isipokuwa siku ambazo Jangwani kumejaa maji. Kwa Mikocheni utashuka Ubungo, ugombee daladala ya Mwenge, kisha utafute gari la tatu. Usiku utarudi hivyo hivyo ukiwa umechoka.

Mzee wa Boko

Mwenzangu amesema vyema. Mtu wa Mikocheni makazi yake ni Barabara ya Bagamoyo: Tegeta, Boko, Bunju, na mwenye haraka ya kupata nafasi kubwa husogea hadi Mapinga. Kodi iko juu kuliko Kibaha. Nyumba ninayopangisha, yenye vyumba viwili, naitoza 350,000 kwa mwezi, na majirani hawako mbali na hapo. Uzito hasa uko siku ya kwanza, kwa kuwa wengi wetu tunataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Kwa hiyo, kabla hujanunua hata ufagio, umetoa 2,450,000. Mshahara wako mpya wa mwezi mzima hauifikii.

Kuhusu kuuza nyumba ya Kihonda, mimi nakataa kabisa. Mpangishe mtu, hata kwa laki mbili. Kodi hiyo itakusaidia kulipa ya huku, na kazi mpya ikikushinda katika miezi ya majaribio utakuwa na pa kurudi. Nimeona watu wakiuza nyumba mikoani, wakanunua viwanja kwa karatasi ya mkono iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, kisha akajitokeza mwenye kiwanja wa pili, na wa tatu. Kama ni lazima ununue, kaa kwanza mwaka mzima, masika ikukute hapa uone maji yanapita wapi, halafu uende ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhakiki jina la mmiliki.

Mwalimu Mstaafu

Wote mmemsahau mke. Uhamisho wa kuomba mwenyewe haulipiwi posho, na shule za Dar es Salaam zinaombwa na wengi mno, hivyo njia iliyo nyepesi kidogo ni kumpata mwalimu anayetaka kuja Morogoro wabadilishane. Nafasi ikipatikana mkoani Pwani, katika Wilaya ya Bagamoyo, isidharauliwe, kwa kuwa Mapinga iko ndani ya wilaya hiyo na wewe kazini utafika. Tena mtoto wa darasa la nne ana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo si vizuri kumbadilishia shule mwezi wa kumi. Tangulia peke yako, panga chumba kimoja, na uwe unarudi nyumbani kila Ijumaa. Hapo ndipo treni ina faida: 26,000 kwa wiki inabebeka.

Mkaazi wa Kihonda

Nimewasoma wote, na mke wangu amesoma pamoja nami. Nyumba haiuzwi, kaka nimekwisha kumwambia. Nitatangulia Oktoba, nao watabaki hadi shule zifungwe Desemba, huku tukitafuta mwalimu wa kubadilishana naye. Jumamosi ijayo nakuja kuona vyumba Boko na Bunju. Mzee, nikifika nikague nini kabla sijampa mtu fedha?

Mzee wa Boko

Usije Jumamosi. Njoo Jumatatu, ulale kwa ndugu au rafiki, na Jumanne saa kumi na mbili asubuhi upande daladala hadi Mikocheni ukiwa na saa mkononi, maana Jumamosi barabara itakudanganya. Katika nyumba, uliza kama mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, kwa sababu ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Kisha fungua bomba. Likitoa maji, onja, kwani baadhi ya nyumba za huku hutumia kisima chenye maji ya chumvi na dalali atakuambia ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Lisipotoa, tazama juu ya mnara uone simtanki ina lita ngapi, na umuulize jirani, si mwenye nyumba, mara ya mwisho gari la maji lilikuja lini.

Mkaazi wa Kihonda

Nimeomba ruhusa ya Jumatatu na Jumanne. Chupa ya kuonjea maji nimeiweka kwenye begi.