MJADALA: Tuendelee kuwakaririsha madogo "m1 × m2 = −1" au tuwaonyeshe imetoka wapi?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Jana dogo wa form four hapa home kaleta swali, mstari ni y = (2/3)x + 4, tafuta slopu (mwinuko, yaani kupanda gawa kwa kwenda kulia) ya mstari unaoukata kwa nyuzi 90. Hapo ndo inaingia ile kanuni, m1 na m2 ni slopu za mistari miwili inayokatana kwa nyuzi 90. Kaandika −2/3. Namuuliza umepataje ananiambia "mwalimu kasema badilisha alama". Kumbe kanuni kaibeba nusu, ile ya kupindua juu chini imedondoka njiani, na angeikumbuka ningempa kongole bure tu maana haelewi chochote. Nikakata pembetatu kwenye boksi la sabuni, chini miraba 3, kimo miraba 2, nikaichoma pini kwenye kona ya mwanzo juu ya grafu, nikaizungusha robo kinyume na saa. Zile 3 za kwenda kulia zikawa za kupanda, zile 2 za kupanda zikaenda kushoto. 3 gawa kwa −2, yaani −3/2. Dogo akaizungusha tena mwenyewe, kimya. Sasa hii dakika tano inawashinda nini walimu?

Mwl Chaki: Mkuu una dogo mmoja mimi nina 94 kwenye darasa moja, kipindi dakika 40, silabasi haijaisha na mtihani wa moko ndo huo hapo. Nampa kanuni apate maksi zake, kuelewa kutakuja. Hata jedwali la kuzidisha tulikariri kwanza, mbona hatukufa?

Fundi Mawe: Mi sijui m1 wala m2 ila skwea, kona ya nyuzi 90, naijua. Nikipanga msingi napima futi 3 huku, futi 4 kule, navuta tepu mshazari, isiposoma 5 hiyo kona ni mbovu hata uniletee injinia.

Dada Namba: Fundi umemaliza kazi bila kujua 😂 kanuni ya mwalimu ni hiyohiyo tepu yako. Chora mistari miwili ipite sifuri, ukisogea hatua 1 kulia mmoja uko kimo m1 mwingine m2. Ikikutana kwa skwea basi Pythagoras, ile 3² + 4² = 5² ya tepu yako, inakubali: (1 + m1²) + (1 + m2²) = (m1 − m2)². Fungua mabano, m1² na m2² zinakatana, unabaki na 2 = −2m1m2. Gawa, m1m2 = −1. Mistari minne ya ubaoni mwalimu, usitusingizie silabasi.

Mwl Chaki: Nusu yao kufungua hayo mabano ndo kilio chenyewe dada.

Mtoro wa Hesabu: Kuna kitu kinanikera, darasa la saba mtoto anajua pembemraba vizuri kabisa, akifika sekondari kitu kilekile kinaitwa perpendikula anadhani ni mnyama mpya. Afu mnamlaumu kukariri, atafanyaje sasa?

Mleta mada: Hapo umegusa. Na wa kukariri wana shimo lingine, mpe y = 5 umuulize mstari unaoukata kwa nyuzi 90. Slopu ni 0, anapindua anapata −1 gawa kwa 0 anakwama, wakati jibu liko wazi, ni mstari uliosimama wima kama x = 2, hauna slopu kabisa, na kanuni pale haifanyi kazi. Aliyezungusha boksi anauona tu umesimama.

Mwl Chaki: Hiyo ya y = 5 kweli huwa wanaliwa, nakubali. Haya, jumatatu naingia na boksi la sabuni, nione. Ila yale madaftari 94 nani anakuja kunisaidia kusahihisha, wewe au fundi?

Fundi Mawe: Mimi jumatatu nina zege.