“Wewe tazama picha tu”: huyu mtaalamu wa ramani ametuvunjia heshima

Ndugu wana jukwaa, nimetoka semina sasa hivi na hasira haijashuka. Yule bwana mnamjua nyote hapa Goma, yule ambaye hakuna kikao cha majanga kinachompita. Leo ametuonyesha Nyiragongo, volkeno yetu ya kaskazini mwa mji, katika kompyuta: mlima unazunguka, lava inateremka kuelekea mjini, rangi zinameremeta hadi macho yanauma, na juu ya picha nzima hakuna neno hata moja. Kuna namba tupu, na maana ya kila namba iko kwenye ukurasa mwingine, ambao ukiufungua picha yenyewe inatoweka.

Mama mmoja wa Majengo akasimama, akauliza kwa adabu: “Papa, mtaa wetu ni rangi gani?” Akajibiwa mbele ya watu wote: “Mama, wewe tazama picha tu. Maandishi ni ya wataalamu.”

Tazama picha tu! Anaambiwa hivyo mama aliyeiona lava ya tarehe 17 Januari 2002 ikipasua mji hadi ziwani, na ambaye usiku wa tarehe 22 Mei 2021 alikimbia tena na wajukuu mgongoni. Tangu 1991 watafiti wa namna watu wanavyojifunza, Paul Chandler na John Sweller, walionyesha kwamba mchoro ukitengwa na maelezo yake, akili huchoka kwa kuviunganisha kabla haijaanza kuelewa. Mwaka 1869 Mfaransa Charles Joseph Minard, mzee wa miaka 88, alichora safari ya jeshi la Napoleon kwenda Urusi na kuandika hesabu ya askari palepale kando ya utepe unaowakilisha jeshi hilo, kuanzia 422,000 waliokwenda hadi 10,000 waliorudi. Huyu wetu mwenye kompyuta anashindwaje kuandika “Majengo” juu ya Majengo? Badala yake anamwambia mama mtu mzima atazame picha tu!

Mkaaji wa Himbi: Pole, ndugu, lakini nilikuwa nyuma yako na sikusikia sauti yako. Ukali huu wote ulikuwa wapi bwana huyo alipokuwa mbele yetu?

Fundi wa Ndosho: Mimi huunda picha za namna hiyo. Watu hutaka kila avenyu, kila shule na kila bomba la maji liandikwe, mwishowe majina yanapandana na lava yenyewe haionekani. Anayelalamika aseme kipi kiondolewe.

Mwenye uzi: Andika mitaa na njia za kukimbilia, mengine yajitokeze mtu anapoikuza ramani. Na mbona hukugusa jibu alilopewa yule mama?

Binti wa Keshero: Afadhali ninyi mliopewa ukurasa wa maelezo. Ile ramani waliyotutumia kwenye simu huonyesha maneno ukipitisha kipanya juu ya rangi, na simu haina kipanya. Kila nikigusa kwa kidole, ramani inateleza hadi Rwanda.

Mwalimu wa Katindo: Kinachoniudhi zaidi ni maandishi yaliyogandishwa ndani ya picha. Nilipata mchoro mzuri wa Ziwa Kivu, unaoonyesha methani na gesi ya kaboni zilizoyeyuka kilindini, nikataka kuuwekea Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu. Haukubali kubadilishwa neno, na ukiukuza herufi zinakuwa ukungu. Nimelazimika kufunika kila neno kwa kisanduku cheupe na kuandika upya juu yake.

Mkaaji wa Himbi: Mwalimu, tutumie mchoro huo. Je, mazuku, yaani mifuko ya gesi ya kaboni inayoua, zimo? Gesi ile hutuama mabondeni alfajiri, na watoto wetu hupita huko wakienda kuchota maji.

Mwalimu wa Katindo: Kuna madoa ya kijivu magharibi mwa mji, kuelekea Sake. Hayana jina, na ufunguo wa ramani hauyataji.

Binti wa Keshero: Hayo ndiyo yanayostahili uzi. Ufungue, mwalimu, tunakufuata huko.