Spidomita ya waya kwenye Land Rover ya zamani: kurekebisha, mtumba au GPS?

Kijana wa Pasiansi
Habari zenu wakuu. Nina Land Rover Series III, kaniachia marehemu baba. Juzi hapa Mwanza, Usagara, trafiki wamenipiga tochi ya kupima mwendo: mshale ulikuwa 50, tochi ikasoma 56, elfu thelathini ikaenda. Nirekebishe spidomita hii hii, nitafute ya mtumba Dar, au niweke ya GPS? Wikiendi hii nataka kununua.

Fundi Mabatini
Pole mkuu. Hujasema tairi ni saizi gani. Na kilomita inazohesabu nazo zinapungua, au ni mshale tu?

Bandarini
GPS. Inasoma setilaiti, haijali tairi wala giaboksi. Yangu ina mwaka wa pili.

Mzee wa 504
Mwanangu, usikubali ifunguliwe ovyo. Ya Peugeot yangu mshale ulikuwa unachezacheza, fundi akaupaka ule waya unaozunguka kutoka giaboksi hadi kwenye spidomita grisi chini mpaka juu. Grisi ikapanda hadi ndani ya spidomita yenyewe. Nimepaki Kirumba sokoni, gari limezimwa, mshale umeganda kwenye 40! Fundi wa pili akatoa kioo, akaigusa springi ya mshale kwa kibanio. Ile ni nyembamba kama unywele. Ilijikunja, haikurudi tena. Grisi ni kidogo sana, na kipande cha juu cha waya kiachwe kikavu.

Kijana wa Pasiansi
Shikamoo mzee, asante. Tairi ni 7.50-16. Zamani zilikuwa 6.00-16. Gari ni ile fupi, ya inchi 88 kati ya ekseli.

Fundi Mabatini
Hilo ndilo la kuanza nalo! Tairi kubwa ikizunguka mara moja gari linakwenda mbali zaidi, na waya unahesabu mizunguko tu. Hapo umepoteza kama asilimia 10. Washa GPS ya simu, linganisha kilomita. Zikipungua sawasawa na mshale, spidomita haina kosa. Kilomita zinaendeshwa na gia, mshale unavutwa na sumaku inayozunguka ndani ya kikombe cha aluminiamu. Sumaku ikichoka, mshale peke yake ndio unadanganya.

Bandarini
Apimie Daraja la Kigongo–Busisi, limenyooka.

Fundi Mabatini
Kilomita 3 ni chache. Aelekee Magu, apige 20.

Mzee wa 504
Mkilitaja daraja nakumbuka foleni ya kivuko kabla halijajengwa. Nimewahi kulala pale na mgonjwa garini.

Mama wa Igoma
Mdogo wangu, hizo 6.00-16 ulizivua ziko wapi? Nazitafuta mwezi wa tatu sasa.

Kijana wa Pasiansi
Zipo stoo dada, zote nne. Niache nipime Jumamosi kwanza, huenda nikazirudisha.