Mrejesho: goti la mama, kutoka Lamu hadi Chennai

Asalaam aleikum. Mie ndiye niliyeuliza kama nimpeleke mama India kubadilishwa goti. Tumerudi, ahsanteni sana. Aliyesema tutume picha za eksirei kwanza na tuombe makadirio kwa maandishi kutoka hospitali mbili, Mungu amlipe: bei zilipishana mno! Viza yake ya matibabu na yangu ya msindikizaji zilitoka. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo niliyopuuza. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, tukasogeza safari na kulipia tiketi upya. Mama anatembea, ila goti halikunjiki sawasawa. Mazoezi tuliyakatiza tulipofika nyumbani, kosa letu. Kupanda boti pale Mokowe bado twamshika mkono.