Uwanja mmoja, mpira, raga, hoki na mikuki: nyasi zinaisha katikati, nifanyeje?

Mlinda Uwanja (Ahero)
Wadau, hamjambo. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kutunza uwanja wa nyasi unaotumiwa na kila mtu. Mimi ni msimamizi wa uwanja wa umma huku upande wa Ahero. Wikendi ni mpira, katikati ya wiki vijana wa raga wanafanya mazoezi, michezo ya shule ikifika kuna hoki na mikuki, na watu wa krusedi (mikutano ya injili) nao huja kuomba nafasi ya mahema.

Nyasi zenyewe ni ukoka uliojiotea. Pembeni uko mzuri kabisa. Shida ni ukanda wa katikati, lango hadi lango, na pale raga wanapopigia skramu (pale wanaposhikana na kusukumana): udongo mtupu. Na mnaujua udongo mweusi wa Kano, hizi tambarare zetu. Mvua ikinyesha unanata hadi kiatu kinabaki matopeni, jua likiwaka unapasuka mkono ukazama kwenye ufa.

Kamati imepata pesa kidogo. Nusu wanataka tununue nyasi za Kikuyu tubandike kabla ya msimu, nusu wanataka tumwage mchanga tusawazishe. Nimeambiwa nipendekeze moja. Mngechagua gani?

Kocha wa Bondeni (Nakuru)
Kikuyu achaneni nayo. Huku kwetu inastawi kwa sababu Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi. Nyinyi mko kwenye mita 1,100 na kitu, joto tupu. Ukoka unapenda jua, unatambaa wenyewe na ukiumia unajiziba haraka. Ukoka wa pembeni ndio mbegu yenu, tena ya bure.

Fundi wa Viwanja
Kocha amesema kweli kuhusu aina ya nyasi, lakini Mlinda, aina si shida yako. Kabla hujapendekeza chochote tafuta bisibisi ndefu. Ngoja siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati. Idunge pembeni penye ukoka mzuri, kisha uidunge pale kwenye skramu, kwa nguvu ya mkono tu, bila kupiga nyundo. Utupe majibu hapa.

Natabiri kwamba pembeni itazama na katikati itagoma. Udongo uliokanyagwa ukiwa na maji hushindiliwa, hewa haiingii, maji hayashuki, mizizi inabaki juujuu na njumu moja inaing'oa. Bandika nyasi ya aina yoyote juu ya udongo huo, utaizika kabla msimu haujaisha.

Mchanga nao una mtego wake. Ukimwaga mchanga kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi kisha ukachanganya, zile chembe laini zinajaza nafasi zote kati ya punje za mchanga na unapata kitu kigumu kuliko ulichoanza nacho. Mchanga husaidia ukikaa wenyewe ndani ya mashimo. Kwa hiyo toboa kwanza. Kusanya vijana wenye majembe ya meno ya kuchomeka (uma za bustani), wasimame kwenye mstari, wachomeke hadi meno yazame, watikise mpini kidogo tu, watoe, warudi nyuma upana wa kiganja, wachomeke tena. Wasigeuze udongo. Kisha sambaza mchanga wa mto, wenye punje kubwa na uliooshwa, mburute juu yake kipande cha wavu wa chuma mpaka ushuke mashimoni.

Hesabu ndiyo itakayoishawishi kamati. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Tabaka la milimita 3 tu uwanja mzima ni mita 21 za ujazo na ushei, zaidi ya tani 30 za mchanga. Hamna pesa hiyo. Lakini ukanda wa katikati wenye upana wa mita 20, lango hadi lango, unahitaji mita 6 za ujazo na kidogo. Hiyo mnaiweza.

Nabii wa Matope
Fundi, watu wafanye kazi yote hiyo halafu Jumamosi wacheze kwenye maji tena? 😂 Huku kwetu Busia mechi haiahirishwi hata mpira ukielea.

Fundi wa Viwanja
Basi wasianze. Mechi moja kwenye maji yaliyosimama inaweza kufuta kazi yote ya kutoboa. Msimamizi asiye na uwezo wa kufunga geti anakata nyasi tu, hatunzi uwanja. Mlinda, uombe kwanza hayo mamlaka kwa maandishi, ndipo uombe pesa.

Pacha wa Skramu (Kisumu)
Naona raga inasukumiwa lawama zote, haya. Ni kweli skramu inachimba, lakini timu ya mpira inayofanya mazoezi kila jioni kati ya lango na duara la katikati inaharibu vilevile, polepole. Sisi suluhisho letu lilikuwa rahisi: mazoezi ya skramu na ya kuangushana yanafanyika nyuma ya milingoti, nje ya uwanja wa mechi. Timu za mpira nazo zitumie magoli ya kubebeka, kipa asisimame sehemu moja mwaka mzima. Mkiweza, sogezeni mistari yote mita chache kando kila msimu ili lango lisikae juu ya kidonda kilekile.

Mama Hoki
Na urefu wa nyasi je? Hoki inataka nyasi fupi, gongo likipita mpira uende chini. Raga wanataka ndefu waangukie pazuri. Kila mara ni sisi tunaambiwa tuvumilie.

Fundi wa Viwanja
Mama, kwa ukoka milimita 25 hadi 30 inawafaa karibu wote. Muhimu ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Zikifika sentimita 9 kwa sababu mashine iliharibika, kata hadi 6, ngoja siku chache, ndipo ushuke. Ukizinyoa zote mara moja kiangazi unachoma mizizi. Na fyekeo la mkono liache kwa pembeni. Katikati tumia mashine yenye kisu kikali. Angalia ncha ya jani siku ya pili: ikiwa imechanika na kuwa nyeupe, kisu ni butu.

Mrusha Mkuki
Tangu Julius Yego wetu arushe mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015, huku hakuna mtoto asiyetaka kurusha. Shimo la mkuki ni dogo, likanyage kwa kisigino limekwisha. Adui wa kweli ni nyundo ya kurusha. Ile ya wanaume ni kilo 7.26 na kila ikitua inaacha bakuli ardhini. Nyundo ipelekwe uwanja wa nje, usikubali mjadala. Mashimo ya nyundo yaliyopo usiyakanyage yafunge: inua udongo wa chini kwa jembe la meno, jaza, kisha pandikiza kipande cha ukoka.

Mlinda Uwanja (Ahero)
Nimerudi. Bisibisi nimeidunga. Pembeni imezama hadi mpini, katikati imeingia kama urefu wa kidole gumba ikasimama. Fundi, umenipata.

Sasa maswali. Maji tunayo ya kisima lakini pampu ni ndogo. Mbolea kiasi gani? Na haya mahema ya krusedi nitawaambia nini wazee wa kamati, maana wengine ndio wenye kanisa?

Fundi wa Viwanja
Maji: nyasi za uwanja wakati wa jua zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Kwa uwanja mzima hiyo ni lita 178,500, yaani bauza la lita 10,000 lije karibu mara 18. Usijaribu. Subiri masika ya Machi, toboeni na kupanda ukoka wa pembeni mvua zikianza, mpumzishe ukanda huo miezi miwili hadi mitatu. Wakati huo wachezaji watumie vipande viwili vya pembeni tu, bila kuvuka ukanda. Siku mvua zikikatika, pampu yako ielekeze kwenye ukanda tu, asubuhi mapema, maji mengi mara chache kuliko kunyunyiza kila siku.

Mbolea: CAN (ya nitrojeni), gramu 20 kwa mita ya mraba, ukoka ukishashika. Ukanda wako ni mita za mraba 2,100, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na kubaki. Nyunyiza majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo, la sivyo yanaungua.

Kocha wa Bondeni (Nakuru)
Mahema: msiwakatalie, wapeni masharti. Loli lisiingie ndani, viti viwe nje ya ukanda wa katikati, turubai za chini ziondolewe usiku uleule, na waache amana ya pesa. Mkutano wa siku moja ardhi ikiwa kavu hauui uwanja. Turubai iliyokaa siku tatu chini ya jua ndiyo inaua.

Mama Hoki
Na mistari, tafadhali. Kuna viwanja wanachora kwa oili chafu au dawa ya kuua magugu ili wasirudie. Mwaka unaofuata pale pana mfereji, mpira unaruka vibaya. Chokaa ya kujengea nayo inaunguza ngozi na macho, sisi tunaoanguka tunajua. Rangi ya maji iliyochanganywa iwe nyepesi inatosha.

Mlinda Uwanja (Ahero)
Asanteni. Kamati inakutana Jumapili, nitapeleka hesabu ya mita 6 za ujazo za mchanga. Mmoja anataka pia tuchimbe mifereji ya kupitisha maji uwanja mzima, tujaze kokoto. Ni sawa?

Fundi wa Viwanja
Ni sawa ikiwa kuna mahali pa chini pa kuyapeleka hayo maji. Kano ni tambarare. Funga kamba kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye mtaro wa barabarani, weka timazi ya maji, pima tofauti ya kimo, uiandike hapa. Mtaro ukiwa juu kuliko sakafu ya mfereji wenu, msichimbe, maana maji yatarudi uwanjani. Hapo pesa ipeleke kwenye kuinua katikati ya uwanja iteremke pande zote mbili.