Hakimiliki shuleni: walimu tunatishwa kwa sheria ambayo haisemi hivyo

Wakuu, nina hasira na leo sitaificha.

Juu ya mashine ya fotokopi shuleni kwetu limebandikwa tangazo lenye muhuri wa ofisi: ni marufuku kunakili kitabu chochote, sehemu yoyote, kwa sababu yoyote ile. Mwalimu wa baiolojia akitaka kutoa kopi ya ukurasa mmoja tu wenye mchoro wa moyo, ili kila mwanafunzi aandike majina ya vyumba na mishipa yake, anaambiwa akaombe kibali kwa mchapishaji. Kibali hicho hata kikija, mada imeshapita na mtihani umeshafanywa. Ukiuliza ni kifungu gani cha sheria kinachosema hivyo, unajibiwa "hakimiliki", na mazungumzo yanaishia hapo.

Tangazo hilo limetolewa wapi? Fungua ukurasa wa pili wa karibu kitabu chochote: "Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote bila idhini ya maandishi ya mchapishaji." Ofisi imeyachukua maneno hayo kama yalivyo na kuyapa nguvu ya sheria. Hayo ni matakwa ya mchapishaji. Sheria inatungwa na bunge, na mabunge mengi yameweka nafasi ya mwalimu waziwazi.

Mkataba wa kimataifa wa Berne, mama wa sheria za hakimiliki tangu 1886, katika kifungu chake cha 10 unaziachia nchi wanachama ziruhusu kazi za watu kutumika kufundishia, ili mradi matumizi yawe ya haki na yasizidi lengo. Sheria ya Marekani ya 1976, kifungu cha 107, inataja kabisa nakala nyingi za kutumia darasani miongoni mwa matumizi yanayoweza kuhesabiwa kuwa ya haki. India ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa, Oxford University Press wakiwemo, walilishtaki duka la fotokopi lililokuwa likiwatengenezea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delhi vitabu vya sura zilizokusanywa kwa kufuata mtaala. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikakataa madai yao, kwa sababu sheria ya nchi hiyo inaruhusu kunakili katika shughuli ya kufundisha. Mwaka uliofuata wachapishaji wakaiondoa kesi wenyewe.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Sheria ile ya Marekani ilipopitishwa, ulitolewa pia mwongozo wa madarasani unaotaja kiasi ambacho mwalimu anaweza kunakili: shairi zima likiwa na maneno yasiyofika 250, makala isiyofika maneno 2,500, na kadhalika. Mwongozo wenyewe unasema wazi kwamba hivyo ni viwango vya chini, si vya juu. Yaani mwalimu asiyevuka hapo hana haja ya kuogopa, na anayevuka bado anaweza kuwa na haki. Lakini namba hizo zilivyoshuka hadi kwenye ofisi za shule, sakafu ikageuzwa dari. Mwalimu anahesabu maneno ya shairi kwa kidole, akifika 251 anaacha kulifundisha.

Uingereza nako kuna mtego wa aina yake. Sheria inaziruhusu shule kunakili hadi asilimia 5 ya kazi kwa miezi 12, lakini ruhusa hiyo inakoma pale panapokuwa na leseni ya kunakili inayopatikana na shule inajua, au ilipaswa kujua, kwamba ipo. Maana yake haki uliyopewa bure inaondoka mara tu mtu anapojitokeza kukuuzia.

Na leseni ndiko tunakokwenda wote. Zamani shule ilinunua kitabu au kanda ya video, ikawa mali yake. Siku hizi inalipia kuingia tu. Shule yetu inalipia mtandao wa video za masomo, na ndani ya masharti marefu ambayo hakuna aliyeyasoma siku ya kusaini kuna kipengele kinachokataza kupakua, kukata kipande na kubadilisha chochote. Darasani kuna mwanafunzi kiziwi. Video ya mzunguko wa damu haina maandishi chini ya picha. Mwenzangu alijitolea kuyaandika mwenyewe, sentensi kwa sentensi, ili mtoto yule afuatane na wenzake. Akakatazwa, kwa maelezo kwamba huko ni kubadilisha kazi ya watu. Wenzake walipokuwa wakiandika maelezo ya mwalimu wa kwenye video, yeye alikuwa anaangalia midomo ya mtu ambaye nusu ya muda haonekani.

Usiniletee Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Ni mkataba mzuri, lakini ni kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Viziwi na video zao hawamo.

Kuna atakayesema waandishi nao wanakula wapi. Ni kweli, na mimi siungi mkono shule kununua nakala moja ya kitabu cha mazoezi na kuidurufu kwa darasa zima kila mwaka. Huo ni wizi wa jasho la mtu. Ila kwa mchoro wa ukurasa mmoja au maandishi ya mtoto asiyesikia, mwandishi anapoteza mauzo gani?

Dawa ipo na inajulikana. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la 2019 kuhusu hakimiliki, ulitamka kwamba sharti la mkataba linalopingana na ruhusa ya kufundishia kidijitali halina nguvu. Sheria ikiruhusu, mkataba usinyang'anye. Kipengele kama hicho ndicho tunachopaswa kukidai kwenye kila sheria ya hakimiliki inayofanyiwa marekebisho.

Kwa sasa naomba hivi. Walimu na wakutubi mlio humu, kaombeni ofisini nakala ya mkataba wa leseni ambao shule yenu imesaini. Someni sehemu ya kupakua, ya kukata vipande na ya kuongeza maandishi, kisha wekeni maneno yake hapa kama yalivyo. Na aliyewahi kuonyeshwa kifungu halisi cha sheria kinachomkataza mwalimu kutoa kopi ya ukurasa mmoja, akiweke pia, na namba yake.